Kidonge Kabla ya Chai

Jumatatu, 4 Novemba 2024

TSH 14.8. Nimeisoma ndani ya bajaji, nikaisoma tena getini, na sasa karatasi iko hapa mezani. Pembeni wameandika kwamba mwisho wa kawaida ni kama 4.

Mwaka mzima nameza kidonge cha tezi. Mwaka mzima! Na namba imepanda. Kilo 93 na ushee kwenye mizani yao, na viatu nilivua.

"Mama, punguza mdomo." Huo ndio ushauri wa leo, wote. Hakuinua hata macho. Mkobani nilikuwa na daftari langu la chakula, kila sahani nimeiandika, asubuhi, mchana, usiku. Hakuuliza. Nikasema asante daktari, nikatoka.

Asante ya nini?

Alhamisi, 7 Novemba

Vidonge vimeisha, nikapita duka la dawa pale karibu na soko. Yule mama mfamasia, mtu mzima, miwani inaning'inia shingoni. Badala ya kunipa dawa na chenji, akauliza: "Mwanangu, hiki unakimeza saa ngapi? Unashushia na nini?"

Asubuhi, na uji. Uji gani? Uji wa lishe, wa soya na karanga, naongeza maziwa. Na kitu gani kingine? Vidonge vya kuongeza damu, navimeza hapo hapo ili nisivisahau.

Akavaa miwani, akanitazama vizuri. Soya inakizuia. Vidonge vya damu ndiyo kabisa, kile chuma kinakishika tumboni, hakipiti kuingia kwenye damu. Maziwa pia. Chai na kahawa pia. Kinataka tumbo tupu na maji tu, halafu nusu saa, ikiwezekana saa nzima, ndipo mtu ale. Vidonge vya damu vikae mbali nacho saa nne nzima. Vihamishie usiku, akasema.

Nyuma yangu foleni inasubiri, mimi nimeganda. Vyumba vyote vile nilivyoingia, sindano zote zile, hakuna aliyewahi kuniuliza nashushia na nini. Swali la dakika moja!

Nimelia kidogo jikoni. Hasira, na nafuu pia. Mume wangu kaja kasimama mlangoni, hakusema neno, kachukua mwiko akageuza ugali.

Ijumaa, 8 Novemba

Saa kumi na moja alfajiri. Kidonge, glasi ya maji. Nimekaa barazani na kanga mbili, baridi ya milimani inashuka. Wengine wanasema Morogoro ni joto, mimi nasikia baridi mpaka kwenye meno.

Saa kumi na mbili kamili, chai. Haijawahi kuwa tamu hivi, na haina sukari.

Jumamosi, 23 Novemba

Kwa fundi. Sare ya harusi ya wifi, kitenge cha kijani, wote tunashona kwake.

Fundi anapima huku anamtajia kijana wake namba kwa sauti. "Kifua arobaini na nne! Kiuno arobaini na mbili! Nyonga arobaini na tisa!" Wanawake wote kwenye benchi wanasikia. Kijana anaandika kwa kalamu ya bluu kwenye daftari la mistari, kona zimekunjamana kwa mafuta ya cherehani. Halafu fundi mwenyewe akafunua kurasa za nyuma, akatafuta jina langu, akalipata: mwaka 2021, kiuno 34. Akaweka kidole hapo. "Mama, umenawiri."

Kwa upendo kabisa, najua. Wifi akadakia: "Kaka anamtunza." Wakacheka, nami nikatabasamu, tepu bado iko kiunoni.

Nawiri. Nywele zinabaki kwenye kitana. Nalala kwa saa tisa naamka nimechoka. Siku zangu sijaziona tangu Julai. Huko ndiko kunawiri?

Jumatatu, 2 Desemba

Dar na kurudi, siku moja. Mwalimu mkuu kanipa ruhusa bila maneno, Mungu ambariki. Treni ya umeme, 13,000 kwenda, na hata sijamaliza kusahihisha madaftari ya darasa la sita tumeshapita Ruvu. Zamani safari hii ya kwenda kwa daktari wa homoni ingenila siku mbili.

Daktari ni dada mdogo, sauti ya chini. Kasimama nyuma yangu, vidole vyake viwili shingoni, kaniambia nimeze maji. Nikameza. Tena. Tena. Kisha akakaa akaomba daftari langu la chakula. AKALISOMA. Ukurasa hadi ukurasa. Nilitaka kumbusu mikono.

Niandike kabla sijasahau.

Tezi yangu inashambuliwa na kinga ya mwili wangu mwenyewe. Unaitwa ugonjwa wa Hashimoto, kwa jina la daktari Mjapani aliyeueleza mwaka 1912. Kwa hiyo haya mambo ya "kula madini joto zaidi" niachane nayo, chumvi ya nyumbani inatosha, yakizidi yanaweza hata kuichokoza tezi. Kabichi? Kula, mradi imepikwa. Muhogo? Kula, kiasi.

TSH haitoki kwenye tezi, inatoka kichwani. Tezi ikilala, kichwa kinaongeza sauti, kama mwalimu anayepaza sauti kwa sababu darasa limesinzia. Namba ikipanda, tezi imeshuka. Uwiano wa kinyume! Nimefundisha kitu hicho miaka yote, ubaoni, kwa chaki, na sikujua kinaishi shingoni kwangu.

Halafu ovari. Akageuza skrini ya utrasaundi nione: vidoti vyeusi vidogo vidogo vimepanga mstari pembeni. Si uvimbe wa kukatwa. Ni vifuko vya mayai vilivyoanza kukua vikaishia njiani. Kongosho linamwaga insulini nyingi kwa sababu mwili hauisikii vizuri, na insulini hiyo ikizidi inazisukuma ovari zitengeneze homoni za kiume kupita kiasi. Ndiyo ndevu. Ndiyo siku zangu kupotea. Ndiyo tumbo.

Nikamuuliza lile swali. Tezi peke yake imeniongezea kilo ngapi? Akasema ukweli: chache, mara nyingi mbili hadi tano, na sehemu kubwa ni maji na chumvi. Dawa itaziondoa hizo. Nyingine zinataka kazi, na kwa mwenye insulini ya namna hii kazi ni nzito kuliko kwa jirani yake. "Nzito, lakini inawezekana." Hakusema mdomo. Hakusema chipsi.

Lengo la kwanza ni asilimia tano. Nimepiga hesabu hapo hapo, 93 mara tano gawanya kwa mia. Kilo nne na nusu hivi. Kwa wengi, kiasi hicho tu kinatosha siku kurudi.

Kilo nne na nusu! Mimi nilikuwa nawaza thelathini, kila usiku nawaza thelathini.

Kisha shingo. Hapa sikutegemea. Akauliza kuhusu weusi wa nyuma ya shingo, tangu lini. Tangu kidato cha pili. Mama alikuwa ananisugua na dodoki mpaka panawaka moto, "unakaa na uchafu, mtoto wa kike." Nikasugua mwenyewe baadaye, ndimu, magadi, scrub za kila aina. Naufunika na mtandio. Daktari akasema si uchafu, haijawahi kuwa uchafu, ni insulini. Ikishuka, ngozi itafunguka yenyewe, taratibu.

Miaka ishirini na zaidi nimejisugua.

Kwenye treni ya kurudi nimevua mtandio. Kiyoyozi kilikuwa kikali nikauvaa tena, lakini niliuvua.

Alhamisi, 5 Desemba

Metformini, kidonge kipya cha daktari wa Dar, na tumbo langu hawajapatana. Kichefuchefu, na mengine. Alinionya: anza na kimoja cha 500, katikati ya chakula cha jioni, wiki ya kwanza ni ngumu. Ndiyo hiyo. Leo chakula cha jioni ni ndizi na dagaa, nimekula nusu.

Alhamisi, 26 Desemba

Kwa Mama, Bigwa. Wote tumekusanyika, watoto wanaruka, pilau inanukia mpaka barabarani. Nimeanza na kachumbari na mchicha, kisha nyama, pilau mwishoni, kijiko kikubwa kimoja na nusu. Nimeila taratibu na nimeifurahia. Sitaki kuishi maisha ambayo pilau ya Mama ni adui.

Shangazi hakuliona hilo. Shangazi kaniita chumbani na kunipa pakiti ya sanamaki, "kunywa kila usiku, utakwisha wewe." Najua sanamaki. Mtu anashinda chooni, kinachotoka ni maji, mizani inadanganya siku mbili. Na dawa zangu zingepita nayo. Nikaishika mikono yake: "Shangazi, nashukuru, ila nipo kwenye matibabu." Akasema matibabu gani ya unene. Nikasema ya tezi, shangazi. Na ya kizazi. Kimya. Akairudisha pakiti kwenye mkoba wake polepole, halafu akaniuliza kwa sauti nyingine kabisa: "Inauma?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikamwambia haiumi, inachosha.

Mama kavaa sweta. Desemba, joto la kutoa jasho kwenye kope, Mama na sweta lake la kahawia na soksi. Anasema upepo.

Jumanne, 14 Januari 2025

Siku mbaya. Mizani: 92.1, vile vile kama wiki iliyopita, na iliyotangulia.

Asubuhi dirishani na kibano. Mwanga wa dirisha ndio unaonyesha ukweli, kioo cha bafuni kinaficha. Nywele tatu nene chini ya kidevu, ngumu, mizizi myeusi, ukivuta inatoka na kichwa cheupe na tone dogo la damu. Nyingine iko chini ya ngozi, inaonekana imejikunja, haifikiki. Binti kaingia bila hodi. "Mama unafanya nini?" Natoa mwiba. Akanishika kidevu, akapuliza.

Shule zimefunguliwa. Chumba cha walimu, saa nne, chapati na maharage. Mwenzangu mmoja kanisukumia sahani, mwingine kasema "mwache, yupo dayati," kwa ile sauti. Nikala chapati moja na maharage mengi. Siko dayati. Naumwa, natibiwa. Kwa nini presha ni ugonjwa, sukari ni ugonjwa, na hiki changu ni tabia?

Nimechoka leo. Nalala.

Jumatatu, 27 Januari

5.9!

Kutoka 14.8. Kidonge kile kile, cha mikrogramu 50, duka lile lile. Kilichobadilika ni maji matupu na saa moja ya kusubiri. Mama mfamasia, popote ulipo usiku huu, nakuombea.

Bado iko juu kidogo, wamepandisha dozi, 75. Tena kusubiri wiki sita hadi nane ndipo wapime, maana dawa hii inakwenda polepole mwilini, kupima mapema ni kupoteza hela. Sawa. Nitasubiri.

Jumapili, 16 Februari

Tunatembea. Baada ya chakula cha usiku, mimi na mume wangu, mpaka kwenye nguzo za umeme na kurudi. Daktari alisema misuli ikifanya kazi baada ya kula inachukua sukari bila kuhitaji insulini nyingi. Mwanzoni magoti yalilalamika. Leo nimeongea njia nzima bila kuhema, nimegundua tumeshafika nyumbani na bado nina maneno.

Mume wangu kaniambia jambo. Kwamba tangu nilipoanza kuugua alidhani nimemchoka. Kulala mapema kule, ukimya, kutotaka kuguswa. Alidhani ni yeye. Sikujua. Tumesimama gizani karibu na duka la Mpemba, nikamweleza tezi inafanya nini kwenye mwili, kwenye hamu, kwenye moyo, yote inayapunguza mwendo. Akasikiliza. Akasema, "Kumbe."

Alhamisi, 6 Machi

Ramadhani. Nilipiga simu Dar kabla mwezi haujaandama, nikauliza. Kufunga naruhusiwa, kidonge kihamie usiku: saa tatu au zaidi baada ya kula, ndipo nimeze, nilale. Metformini na futari.

Shida ni kula mara ya pili. Futari saa moja kasoro hivi, basi, halafu tarawehe, halafu jamaa wanaanza tena, tambi, kaimati, juisi ya ukwaju. Mimi nafunga mdomo saa mbili ili saa tano tumbo liwe tupu. Wifi kasema namkwepa na chakula chake. Nimemwambia wazi, mbele ya wote: nina dawa. Akasema hakujua. Kesho yake kaniletea bakuli mapema, kabla hata ya adhana, limefunikwa na kawa: magimbi mawili na samaki wa kupaka.

Magimbi mawili. Alihesabu.

Ijumaa, 21 Machi

Zimekuja.

Alasiri, shuleni, nikadhani ni jasho. Nikaenda chooni. Nikakaa mle ndani muda, watoto wanagonga mpira ukutani nje, mimi nashika ukuta. Alhamdulillah. Alhamdulillah.

Sikumbuki lini nilifurahia tumbo kuuma. Nimenunua pedi pale dukani, nikawa natamani kumwambia muuzaji. Funga yangu imeharibika, nitalipa baada ya Idi, nitalipa kwa raha zote. Jioni wenzangu wanasubiri adhana, mimi niko jikoni nakunywa maji glasi nzima, nacheka peke yangu. Binti: "Mama, hujafunga?" Sijafunga, mwanangu. "Kwa nini?" Utakua utajua.

Mizani 89.6. Hata asilimia tano sijafika! Mwili haukungoja.

Alhamisi, 3 Aprili

Idi imepita vizuri. Ila watu.

Mwezi wa kumi na moja nilikuwa bonge. Sasa ni "mbona umekwisha hivyo, unaumwa?" Wananivuta pembeni, wananong'ona. Jirani mmoja kauliza kama nimepima. Najua anamaanisha kupima nini. Kilo nne tu hizi! Ningekuwa nimekaa kimya zamani. Leo nimejibu kila mmoja: nilikuwa naumwa nilipokuwa mnene, sasa natibiwa. Wengine wameelewa, wengine wameguna.

Fundi yeye hana maneno mengi. Kapima, katulia, kapima tena. "Thelathini na nane na nusu." Kamwambia kijana futa ile. Nikamwambia asifute, aandike chini yake.

Na shingo. Dada aliyenisuka jana kasema, bila kuulizwa, huku nyuma pameanza kuwa na rangi moja na mgongo. Nimeomba kioo cha pili. Ndiyo. Pembeni, karibu na sikio, pamefunguka. Katikati bado.

Jumamosi, 12 Aprili

TSH 2.3. Nilikwenda kumwonyesha Mama karatasi, basi tu, nilitaka aione.

Hajui TSH. Lakini alitaka kujua kila kitu, baridi ile, usingizi, nywele, choo kigumu, kusahau. Nikawa nasimulia yangu, naye anaitikia, eeh, eeh, na ghafla nikaona anaitikia yake. Nikanyamaza. Akafungua kifungo cha juu cha sweta, akaushusha mtandio. Uvimbe uko pale, mbele ya koo, ukubwa wa kokwa ya embe changa, nimeuona maisha yangu yote na sijawahi kuutazama. Rovu, akasema, bibi yake alikuwa nalo, kwao milimani wengi walikuwa nalo, haliui.

"Mama, meza mate." Akameza. Uvimbe ukapanda, ukashuka.

Nimemwambia haya mambo yanakwenda kwenye damu za watu, mama na binti. Kwamba ni kipimo kimoja cha damu. Alikaa kimya sana. Kisha akasema alinisugua sana ile shingo. Nikamwambia hakuna aliyejua, Mama. Akasema tena, nilikusugua sana. Nikamlaza kichwa begani.

Jumatatu naenda naye, nimeshaomba ruhusa. Bima yangu inamhusu, nimeangalia kadi. Ameuliza kama chai anaruhusiwa kunywa kabla ya kutolewa damu. Kwa kipimo hiki anaruhusiwa. Basi, kasema, uje saa moja, nitakuwa nimeshakunywa.